Siku Niliyoandika Kuwa Mama Amepumzika

Naona haya hata kuanza, na nyinyi mnaonijua mtacheka kabla sijafika mbali, lakini chekeni taratibu, kwa sababu mkasa huu mwisho wake hauchekeshi, na mimi mwenyewe kila nikiusimulia huanza kwa kicheko halafu sauti ikanikatika pale pale. Yule mwanamke wa Ghubra, hapa Maskati, aliyewatokea watu waliokuja kumlilia mama yake, naye amevaa nguo ya kuogelea ya kijani, ni mimi. (Mliosikia kuwa ni jirani yangu mlidanganywa, na aliyewadanganya ni mimi vile vile.)

Yote yalianzia kwa mwanangu Muzna, ambaye wakati huo alikuwa ameingia miaka kumi na tano, na tangu baba yake, marehemu Salim, alipotutoka, alikuwa hasemi nami ila kwa lazima, sina njaa, nimeshasali, nifungie mlango, basi. Watoto wa umri ule hununa, najua, na mimi nilinuna sana kwa mama yangu, lakini huyu hakununa, huyu alifunga. Siku moja nilipochoka nikamuuliza anataka kitu gani duniani, kitu chochote, akanijibu bila ya kuinua uso kwenye simu yake: "Nataka pahala ambapo hamna mtu atakayetupa pole."

Nilikaa nalo jibu lile. Kwa sababu ukweli ni kwamba katika Maskati sisi watu tuliotoka Unguja hatuna pa kujificha, ukenda kununua mkate Hail unakutana na binamu anakupa pole, ukenda Bawshar kutengeneza gari anatokea mtu aliyesoma na marehemu, anakushika mkono na kuanza kulia yeye, wewe ukawa ndiye wa kumbembeleza. Unguja ndiyo kabisa, pale uwanja wa ndege tu wanakupokea kwa vilio. Dubai tuna watu, London tuna watu, Kanada tuna watoto wa ammi mtaa mzima. Basi usiku ule tukafungua ramani kwenye simu, mimi na yeye, tukatafuta upande wa dunia usio na shangazi, tukaishia Karibiani.

Sikuwahi kufika huko wala sikumjua aliyefika. Muzna ndiye aliyekuwa akitafuta hoteli, zile za ufukweni ambazo ukifika unavishwa kikuku cha plastiki mkononi na kila kitu kimo humo humo, kula humo, kunywa humo, kuogelea humo. Na mimi kazi yangu ilikuwa kuuliza maswali, kama nyama yao ni ya halali, kama jiko la nguruwe liko mbali, na kama kuna saa za wanawake peke yao. Siku niliyoiandikia hoteli moja kuiuliza kama ufukwe wao una upande wa wanawake, Muzna alisoma begani mwangu, akasema, "Mama, unawauliza bahari ina upande wa wanawake?" na akacheka. Alicheka mpaka akakaa kitandani kwangu. Nilikuwa sijasikia kicheko kile tangu msiba, na hapo nikajua kuwa sipangi likizo, namrudisha mwanangu.

Mama yangu, Bi Zuwena, alikuwa akiishi nasi. Tulipomwambia tunakwenda Karibiani akatutazama kwa zamu. "Kama ni karibu, kwani mwapanda ndege mbili?" Muzna akamweleza kuwa ni jina tu, akamwonyesha picha ya ufukwe, na Mama akasema mchanga mzuri, lakini mbona wale watu hawana nguo.

Tatizo lilikuwa ni kifua chake. Wiki zile alikuwa halali, anakohoa mpaka alfajiri, na mimi nimekaa naye namsugua mgongo. Ndugu yangu Nassor, anayekaa Bawshar, alikubali kumchukua muda wote tutakaokuwa safarini, lakini alisema hawezi kumpokea na hali ile, kwanza atulie. Maneno yake mwenyewe kwenye simu yalikuwa haya: "Dada, Mama akipumzika tu nambie, nije tupange." (Yashikeni maneno hayo. Mimi mpaka leo nimeyashika.)

Basi ikawa siku hiyo, Muzna yuko skuli, daktari wa kuja nyumbani akaja, akamchoma Mama sindano, akampa dawa mpya, na kabla hajafunga mkoba wake Mama alikuwa amelala, usingizi ule wa mdomo wazi ambao sikuuona kwa siku nyingi. Nilifurahi nikataka kulia. Na wakala wa safari alikuwa amenipigia asubuhi ile ile kuniambia vyumba vinakwisha, nithibitishe leo. Nikasimama jikoni na haraka zangu, nikaandika kwenye grupu la ukoo: "Alhamdulillahi, Mama amepumzika. Daktari ameshaondoka. Nassor njoo tumalize mambo ya safari."

Ningeandika "amelala" yangekwisha. Lakini nilitaka neno zuri, neno la Nassor mwenyewe, na "amelala" niliona kavu. Nikautuma, nikaizima sauti simu isije ikamwamsha, nikaichomeka kwenye chaji pale jikoni, nikaenda zangu chumbani.

Huko chumbani kulikuwa na bahasha iliyoletwa jana yake. Nilikuwa nimejiagizia nguo ya kuogelea ya kujistiri, ile inayofunika kuanzia nywele mpaka vifundo vya miguu, na kwenye picha, ikiwa imevaliwa na msichana mwembamba, ilikuwa ya buluu. Iliyokuja ilikuwa kijani cha kasuku. Nikaivaa hivyo hivyo, nikavuta zipu ya mgongoni, ikapanda nusu ikauma nywele zangu, ikakataa kwenda juu na ikakataa kurudi chini. Nikahangaika nayo mpaka mikono ikachoka, nikajilaza kidogo nipate pumzi, na mimi nilikuwa na madeni ya usingizi ya wiki nzima. Nikalala.

Kilichoniamsha ni sauti, wengi wakisoma kwa pamoja, na kiyoyozi kikinguruma juu yao. Nikadhani Mama ameamka amewasha redio ya Kurani. Nikaondoka kitandani kwenda kumwomba anifungue zipu, nikatoka na kijani changu, kofia yake imenibana mashavu, mpaka katikati ya ukumbi.

Ukumbi ulikuwa umejaa mabuibui meusi kutoka ukuta hadi ukuta (mlango wetu mchana haufungwi). Makochi yameshasogezwa, maboksi ya maji yamepangwa, kila mwanamke ana juzuu mkononi. Kisomo kikakatika.

Aliyeinuka ni Mamdogo Khole, mdogo wake Mama, macho yamemvimba. Akanikumbatia na ukijani wangu. "Lia, mwanangu. Lia, usijizuie."

"Nani kafa?" nikamuuliza.

Hapo ndipo walipoangua kilio. Nikamsikia mmoja anamwambia mwenzake, "Maskini, hajakubali. Kwanza mume, sasa mama. Akili zimemruka, tazama alivyovaa." Mtu akanitupia kanga mabegani. Na mimi bado sijaelewa, mpaka akaja mama mmoja simjui, ana mfuko wa kitambaa, ndani yake naona sanda nyeupe na harufu ya karafuu maiti inanifikia puani, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, maiti yupo chumba gani?"

Ndipo iliponiingia.

"Hajafa!" nikasema. "Mama kalala!"

"Ndiyo, kalala," Mamdogo akaniitikia huku ananipapasa mgongo. "Sote tutalala, mwanangu."

"La, yuko salama! Yuko chumbani kwake!"

"Yuko salama, yuko mbele ya haki."

"Kapumzika tu, nnakwambieni, kapumzika!"

"Eeh, kapumzika. Kahangaika sana na kifua kile."

Kila neno nililolishika lilikuwa limeshatangulia makaburini kabla yangu. Sisi watu lugha yetu tumeipamba sana kwenye mauti, tumekuwa hatuna tena neno la mtu aliyelala akiwa hai. Nikawa napiga kelele, na kila nikipiga kelele ndivyo wanavyozidi kunishika.

Basi mlango wa Mama ukafunguka. Akatoka na mkongojo wake, kilemba kimemwendea upande, dawa bado imo machoni. Akautazama ukumbi wote, akamtazama mdogo wake anavyolia, akasema, "Nani kafa? Mbona hamkuniamsha?"

Mamdogo Khole alikaa chini pale aliposimama, kama nguo iliyoanguka kutoka kambani. Yule mwosha maiti akaupitisha mfuko nyuma ya buibui lake, lakini alichelewa, Mama alikuwa ameshauona, na mfuko ule Mama anaujua vizuri kwa sababu ujana wake aliwaosha wengi. Akauangalia. Akaangalia juzuu. Akavuta kiti cha kulia akakaa taratibu.

"Kumbe mie," akasema.

Akauliza nani kasema, wakamwonyesha simu, Mamdogo akamsomea ujumbe wangu kwa sauti mbele ya wote, mpaka pale pa kumaliza mambo ya safari. Mama akanigeukia, akaiona nguo niliyovaa, nikaona anaitambua ni ya kitu gani. Sauti yake haikuwa na ukali hata kidogo, na laiti ingekuwa nao.

"Ulikuwa na haraka gani, mwanangu?"

Nilijieleza. Nilisema Nassor ndiye aliyelitumia neno hilo kwanza, nilisema sindano, nilisema usingizi, nikasema mpaka nikachoka, na wanawake wote wananisikiliza mimi mtu mzima nimebanwa na mpira wa kijani najitetea kuwa sikumwua mama yangu. Nassor akapiga simu wakati huo huo kutoka makaburini kuuliza jeneza litatoka saa ngapi, kwa sababu wameshachimba, na ardhi ya Maskati mawe matupu, watu wametoka jasho. Tangazo ameshalipeleka kila pahala. Unguja walikuwa wameshakaa msikitini wanamsomea khitma.

Na hapo, katikati ya aibu yote ile, Mamdogo akauliza kitu ambacho mimi mama mtu nilikuwa sijakikumbuka. "Muzna je? Kashapata khabari?"

Nikatazama saa ya ukutani. Basi la skuli lilikuwa limeshapita zamani.

Skuli yao hawaruhusiwi kuwa na simu, kwa hivyo hakusoma ujumbe wala tangazo. Nikampigia dereva wa basi. Akaniambia kwa Kiarabu kuwa walifika nyumbani kama kawaida, akafungua mlango, binti akasimama kwenye ngazi ya basi akaitazama nyumba, akarudi akakaa. Akamwambia endelea. Dereva akadhani anakwenda kwa rafiki yake, akamshusha na watoto wa mwisho, mitaa ya nyuma huko, karibu na bakala.

Nikavaa buibui juu ya kijani, nikatoka. Gari yangu ilikuwa imezibwa na magari ya waombolezaji, na wanaume waliokuwa nje walikuwa bado hawajaambiwa kitu, kila ninayemwomba asogeze gari ananiambia Mungu akupe subira, nami naitikia amin, sogeza gari tafadhali, amin, sogeza gari. Sijui niliendeshaje. Nilikuwa nasema jina lake tu njia nzima.

Bakala lenyewe ni duka dogo la kuuza maji na mikate. Nilimkuta ndani, kando ya friji, amekaa juu ya kreti ya soda na mkoba wa skuli mapajani, na mwenye duka amemwekea chupa ya maji ambayo hakuigusa. Aliponiona alinitazama kuanzia miguuni kupanda juu, taratibu, kama mtu anayehakikisha.

"Bibi yu hai," nikamwambia haraka. "Yu hai, Muzna. Walikosea. Niliwakosesha mimi."

Akatikisa kichwa. "Nilidhani ni wewe."

Nikamsogelea mpaka kwenye kreti.

"Viatu vilikuwa vimejaa mlangoni kama siku ya baba," akasema. "Nikasema nisiposhuka, basi hajafa mtu."

Nilipiga magoti nikamkumbatia pale sakafuni, na zipu ikapasuka yote mgongoni, sauti yake ikasikika duka zima, na hakucheka mtu. Alilia kilio ambacho hakulia siku ya baba yake. Nikadhani ndiyo, amenirudia, hata kwa njia hii mbaya amenirudia. Lakini ndani ya gari alijifuta uso, akachukua simu yangu akausoma ujumbe kwenye grupu, akauliza, "Uliandika wewe ile?" Nikasema ndiyo. "Kwa ajili ya safari?" Nikanyamaza kidogo tu, nikitafuta maneno mazuri, na kunyamaza kule akakuchukua kuwa ndilo jibu. Alifunga tena, na safari hii nilisikia anavyofunga.

Karibiani hatukwenda. Yeye mwenyewe aliniandikia kutoka chumbani kwake: "Mwambie wakala siendi." Akahamisha godoro lake akalitia chumbani kwa bibi yake, wakawa wanalala pamoja, na usiku nilikuwa nawasikia wanazungumza, Mama na kikohozi chake na Muzna na maswali yake, mambo ambayo mimi sikuulizwa. Mama kwangu alikuwa mwema kama kawaida. Watu wakimtania madukani kuwa kafufuka, anawaambia khitma zimeshasomwa, haziwezi kurudishwa, zitamfaa. Lakini nikimpelekea dawa alikuwa ananitazama kwanza, kidogo tu, kabla hajaimeza. Labda nilikuwa nafikiri mimi. Sikuthubutu kumuuliza.

Alikufa kabla ya Ramadhani iliyofuata, asubuhi, chumbani kwake. Nikachukua simu nikaandika kwenye grupu kuwa Mama ametutoka, na hakuja mtu. Walipiga simu. Mmoja baada ya mmoja, kwa sauti ya chini, kama watu wasiotaka kuchekwa mara ya pili. Nassor, mtoto wake wa kumzaa, aliniuliza, "Dada, kweli? Umemtazama vizuri?" Mamdogo Khole akasema nimwekee simu karibu na pua asikie mwenyewe. Nilikaa ukingoni mwa kitanda cha Mama, simu inalia mkononi, na mimi namwangalia, na hakuna mtu duniani anayeniamini kuwa mama yangu hayupo.

Muzna ndiye aliyeitoa simu mkononi mwangu. Akaandika: "Bibi amekufa. Mimi Muzna. Nilikuwa nimemshika mkono." Neno ambalo sisi hatumwandikii mama wa mtu, tunaliona la kuku na mbuzi. Nyumba ikajaa kabla ya adhuhuri.

Watu walipokwisha kuondoka na matanga yamekwisha, alikuja chumbani kwangu akasimama mlangoni. "Mama, ile hoteli bado ipo?"

"Ipo."

"Sasa hamna tunayemwacha."

Nilikuwa niseme kuwa tumechoka, tupumzike kwanza, tutaona Mungu akipenda. Lilinifika ulimini nikalimeza. Nikamwambia, "Naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Kufa. Nife nikuache peke yako."

Akaja akakaa kitandani. "Mimi hicho hicho ndicho ninachokiogopa," akasema. "Kila siku, kwenye basi."

Basi ndugu zangu, nimeapa. Mwangu mimi aliyelala amelala, aliyekufa amekufa, na mwanangu akiniuliza jambo namjibu hapo hapo, sitafuti kwanza neno zuri, kwa sababu lile neno zuri ndilo lililomkalisha peke yake kwenye basi.